Tangazo la Odeta

Odeta alikuwa na sauti ndogo kiasi kwamba mwalimu akiita majina asubuhi, jirani yake ndiye aliyemwitikia. "Yupo," Lukman angesema, "ila leo hajawashwa." Darasa likicheka, mwalimu akiweka alama yake, siku inaendelea. Hakuna aliyemchukia. Ni vile tu alikuwa amefika kidato cha tatu bila mtu kumsikia akimaliza sentensi.

Sasa mwaka ule akaja Mwalimu Mihayo, kijana katoka chuo cha Butimba, kuwafundisha Kiswahili. Huyu hakutaka insha za harusi wala za safari ya kwenda kwa bibi. Alisema hizo zimemmalizia wino mwekundu. Alitaka hadithi za kesho iliyoharibika: mji ambao watu wake wanaishi vibaya na wameshazoea, hadi hawakumbuki kama kulikuwa na namna nyingine ya kuishi.

"Mji huo tutautoa wapi, mwalimu?" Lukman akauliza. "Mimi kesho sijawahi kufika."

"Utautoa hapahapa Mwanza. Chukua kitu kimoja kidogo cha leo, kile ambacho hakimsumbui mtu. Kisukume mbele. Usikiache mpaka kianze kuuma."

"Kama magugu maji?"

"Magugu maji usiyaguse. Mwaka juzi yalikuwa maua mazuri ya zambarau, watoto wanachuma. Leo boti zinakwama. Yale yamejisukuma yenyewe."

Na kusoma hadithi zenyewe nako kulikuwa na utaratibu wake. Mwalimu Mihayo alizaliwa Magu, na huko kwao ngoma hazichezwi kwa zamu. Kundi la Bagika linapiga upande huu, la Bagalu linapiga upande ule, wote kwa pamoja, na watu wanahamia kwa anayewakuna zaidi. Jioni unatazama uwanja tu: penye watu ndipo penye mshindi, wala hakuna jaji wa kuhonga. Basi na darasani kwake ikawa hivyohivyo. Wasomaji wawili, ncha mbili za uwanja wa mpira, anapiga kofi na wote wanaanza. Wengine wanatembea wapendapo. Hata mpita njia ruksa kusikiliza, na wapita njia hawakukosekana, maana njia ya kwenda ziwani ilikatiza katikati ya uwanja.

Kitu kidogo cha Odeta kilikuwa kamba.

Mama yake, Suzana, alikaanga mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara ambayo kiwanda cha minofu kinabakiza kikishakata nyama ya kupeleka Ulaya. Jumamosi Odeta alikwenda naye kuyachukua getini. Juzijuzi mlinzi alikuwa amefunga kamba ya manila kutoka kwenye nguzo ya geti mpaka kwenye mwamba, akina mama wapange foleni upande mmoja. Hakuna aliyelalamika. Suzana mwenyewe aliisifu, akasema angalau sasa hakuna wa kumkanyaga mwenzake. Ila Odeta aliitazama ile kamba, na akaendelea kuitazama hata baada ya kufika nyumbani.

Akaisukuma. Kamba ikawa waya. Waya ukatambaa ufukwe mzima. Penye waya pakawekwa mlango, penye mlango pakatakiwa kadi, na asiye na kadi akawa ananunua maji ya ziwa kwa ndoo kama anayenunua mafuta ya taa. Mwisho watoto wanazaliwa hawajui kama kuna ziwa. Mtoto akiuliza nyuma ya waya kuna nini, anaambiwa kuna ofisi.

Aliiandika yote kwa mtindo wa tangazo. Aliona hadithi ina mtu anayesimulia, na yeye kuwa mtu anayesimulia kulimtia homa. Tangazo halina mtu. Linasema tu.

Siku yake ilipofika akapangiwa Lukman. Lukman alikuwa na mfalme wa chuma anayekula betri za redio za wananchi, na alikuwa na koo la mnadani. Mwalimu akapiga kofi, Lukman akaanza kunguruma, na darasa lote likaenda kwake. Odeta akabaki na wasichana wawili waliomwonea huruma. Akainua karatasi ikamfunika uso, akaanza kusoma.

"Tangazo kwa wakazi wote wa ufukweni. Kuanzia mwezi ujao, njia ya kwenda majini kwa upande wa kiwanda itafungwa kwa uzio wa waya. Akina mama wa mapanki watapewa kadi. Asiye na kadi asisogee."

Wale wasichana hawakusikia vizuri, wakasogeza vichwa. Aliyewaona kwa mbali wameinamisha vichwa akadhani kuna jambo, naye akasogea. Watu wakimsikiliza mtu kwa kuinama, wengine hawawezi kuvumilia. Wakaja wawili, wakaja watano, Lukman akawa anaungurumia mwamba uliokuwa upande wake.

Na akina mama wa mapanki nao walikuwa wanapita, mabeseni kichwani, wanatoka getini.

Mitaa ile karatasi yoyote kutoka ofisini ilisomwa na mwanafunzi. Ikija barua ya mtaa, ikibandikwa notisi ya kipindupindu, mtu mzima anamdaka mtoto yeyote mwenye sare: hebu tusomee. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kwa hiyo mtoto wa sare akisimama na karatasi, watu wamemzunguka wamenyamaza, mama wa Mwanza hana haja ya kuuliza ni nini. Wale akina mama wakasimama nyuma ya wanafunzi. Wakasikia uzio, wakasikia mwezi ujao, wakasikia kadi. Wangesubiri kidogo wangefika pale ambapo hata upepo wa ziwani unakatiwa tiketi, wakajua ni hadithi. Hawakusubiri. Mmoja akasema, "Akina mayu, mmesikia?" na wote wakageuka na mabeseni yao.

Odeta hakuwaona. Alipoteremsha karatasi aliona darasa zima liko mbele yake, na Lukman yumo, kakunja hadithi yake kaitia mfukoni.

"Nimekuja kukusikiliza mwenyewe," Lukman akasema. "Mfalme wangu nimemwacha kule anakula betri."

Odeta alitembea kwenda nyumbani siku ile kama mtu aliyebeba kitu cha kumwagika.

Kesho yake, Ijumaa alasiri, Odeta ndiyo kwanza katoka shule, baba yake akarudi. Pius alikuwa mtunza stoo wa kiwanda, mtu wa kutoka alfajiri na kurudi jioni, na kumwona mlangoni jua likiwa bado kali kulimfanya Suzana aipue karai mafuta yakiwa bado yanachemka. Pius akakaa kizingitini. Hakuvua viatu.

"Wenzako wamefunga geti tangu asubuhi," akamwambia mkewe. "Wanadai kadi zao."

"Nimesikia. Kadi gani?"

"Nimeambiwa nikae nyumbani. Jumatatu ndiyo wataamua kama nirudi au nisirudi. Kuna mtu katoa siri ya uzio, wanasema ni mimi."

Suzana akamtazama. "Uzio upi?"

Pius akawa anachokonoa tope kwenye soli.

"Baba Odeta. Uzio upi?"

"Waya uko stoo. Chini ya turubai."

"Kwa hiyo ni kweli." Suzana akakaa chini palepale jikoni. "Mimi nalala kitanda kimoja na wewe. Nasimama kwenye kamba yenu naisifia. Kumbe waya unao wewe."

"Niliapishwa. Watu wamepunguzwa kazi kwa neno dogo kuliko hilo, mama Odeta. Unawaona wa kiwanda cha nguo, wamekaa barazani mpaka leo. Ungetaka nikae nao?"

"Utakaa nao Jumatatu."

Hapo Pius akamgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama na ndoo mkononi, hajui aitue au aendelee kuishika. Miaka yote hakuwahi kumfokea, na sasa pia hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka.

"Wanasema tangazo limesomwa na wewe. Uliingia stoo?"

"Hapana, baba."

"Uliliinua lile turubai ulipoleta chakula?"

"Sikuliinua."

"Basi uliona wapi?"

"Nilitunga."

"Mwanangu," Pius akasema polepole, "mtu hatungi waya ambao uko chini ya turubai langu."

Ijumaa ile hakuna aliyekula. Jumamosi Suzana hakwenda getini. Jumapili walikwenda kanisani wote watatu, wakakaa benchi moja, na Odeta hakuweza kuomba lolote kwa sababu kila alipofumba macho aliona kamba.

Jumatatu akaitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

Madamu Evelina alikuwa nyuma ya meza yake, uso kaukaza. Kiwanda kilikuwa kimeahidi mabati ya maabara, shule nzima inajua. Mwalimu Mihayo alisimama dirishani, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri fimbo. Kwenye kiti cha wageni alikaa bwana mmoja wa makamo, shati jeupe, na kifuani kitambulisho cha plastiki chenye picha na namba. Huyo ndiye Obedi, afisa utumishi, aliyemsimamisha baba yake. Na baba mwenyewe alikuwa mlangoni, kwa ndani kidogo, kofia mkononi. Hakuna aliyemwambia aketi.

"Shikamooni," Odeta akasema. Haikusikika.

"Binti, sina ugomvi na wewe," Obedi akaanza. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulimtisha Odeta kuliko kofi. "Jambo la uzio kiwandani tulilijua watu watatu. Mwenye kiwanda, mimi, na huyu anayetunza waya. Mwenye kiwanda yuko safari. Mimi sina mtoto shuleni hapa. Unaona nilivyobaki na mtu mmoja tu?"

"Nilitunga, mzee."

"Sauti, Odeta," Madamu Evelina akasema.

"Nilitunga."

"Ulitunga uzio, ukatunga na mwezi wenyewe." Obedi akatabasamu kidogo. "Sema tu baba kakwambia. Ukisema, namwandikia ameacha kazi kwa hiari, anaondoka na jina lake. Usiposema, namwandikia mwizi wa siri, na hapa Mwanza hakuna stoo itakayompokea tena. Mimi nakusaidia."

Odeta akamtazama baba yake. Pius alikuwa anaangalia sakafu. Na hapo ndipo Odeta alipoona kwamba baba yake mwenyewe haamini. Alikuwa amekaa siku zote tatu akijaribu kukumbuka ni lini alisema usingizini.

"Mzee Obedi," Mwalimu Mihayo akasema toka dirishani, "kosa kama lipo ni langu. Mimi ndiye niliyewafundisha. Unachukua kitu kidogo, unakisukuma. Yeye alichukua kamba ya getini kwenu. Kama huamini, mpe kitu kingine. Kitu chochote. Akisukume hapa mbele yetu."

"Ngosha," Obedi akamwita Kisukuma, "hapa siyo ngomani."

"Ndiyo maana nasema chagua wewe. Usimpe cha stoo. Mpe ambacho Pius hakijui."

Obedi akacheka puani. Madamu Evelina akatazama saa yake, akatazama mabati ambayo bado hayajafika. "Mpe, mzee," akasema. "Akishindwa, tumemaliza kazi."

Neno lile likamwingia Odeta mwilini kama maji ya baridi. Akishindwa. Kwa hiyo sasa baba yake alikuwa amening'inia kwenye koo lake, na koo lenyewe ndilo hili.

Obedi akapapasa mifuko, hakuona cha maana. Mwishowe akabandua kitambulisho kifuani, akakiweka mezani.

"Hiki. Vimekuja mwezi huu, nimevigawa mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Haya, sukuma."

Odeta akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Darasa la jirani walikuwa wanaimba jedwali la vitenzi vya Kiingereza, wanamaliza, wanaanza upya. Siku ile uwanjani alikuwa na karatasi ya kujifichia. Hapa kulikuwa na meza, na macho ya watu wazima wanne, na kofia ya baba yake inayozunguka na kuzunguka mikononi.

"Tumemaliza?" Obedi akauliza.

Odeta akakichukua kile kitambulisho. Akakiinua kwa mikono miwili mpaka mbele ya uso wake. Kilikuwa kidogo, hakikumfunika hata nusu, lakini aliweza kuiangalia ile plastiki asimwangalie mtu. Akaanza kusoma kile ambacho hakikuandikwa.

"Tangazo kwa wafanyakazi wote. Kila mmoja atavaa namba, na namba ionekane."

"Hilo lipo," Obedi akasema.

"Kuanzia mwezi ujao msimamizi asiite jina. Aite namba. Majina ni marefu, na mengine yanafanana."

Obedi akajipapasa kifuani, pale kilipokuwa kitambulisho.

"Mtu akiondoka, namba yake atapewa mwingine. Atakayeipata ataingia na makosa ya aliyeondoka, na siku alizougua. Mkewe akija getini kumuulizia, aambiwe yupo, anafanya kazi."

Madamu Evelina akasogea kwenye kiti. Sauti ya Odeta ilikuwa ileile ndogo, na bila kujua wote walikuwa wameshaanza kuinama. Hata Pius alikuwa amepiga hatua moja ndani.

"Asiye na namba akitoa shikamoo, asiitikiwe mpaka ijulikane ni nani." Akameza mate. "Na wa mwisho kuvuliwa namba atakuwa yule aliyezigawa. Zikishagawiwa zote, mgawaji ana kazi gani? Ataitwa siku ambayo siyo ya kazi, mahali ambapo siyo ofisini, na mtu anayemheshimu. Ataambiwa asante sana kwa miaka yote. Ataambiwa asimwambie mtu mpaka uzio uishe, maana uzio anausimamia yeye. Atausimamia nguzo kwa nguzo. Siku ukifungwa atageuka arudi ndani, na atajikuta amesimama kwa nje, pamoja na akina mama wa mapanki, na mlinzi anamuuliza, wewe nani?"

Hakujua kama imeisha. Akateremsha mikono.

Obedi alikuwa amekaa vilevile, ila uso wake ulikuwa umebadilika rangi kama majivu.

"Nani kakwambia?" akasema. Sasa sauti ndogo ilikuwa yake. "Jumapili ile tulikuwa wawili tu, mimi na mwenye kiwanda. Ndani ya gari, pale Kigongo, tunasubiri kivuko cha kwenda Busisi. Dereva alikuwa ameteremka kununua mahindi. Nani kakwambia?"

Darasa la jirani wakamaliza vitenzi vyao na hawakuanza tena. Taratibu, mbele ya macho yao, Obedi akasikia alichokisema.

"Na hilo nalo," Madamu Evelina akauliza kwa heshima, "limetoka stoo kwa Pius?"

Obedi akanyoosha mkono, Odeta akamrudishia kitambulisho chake. Akajaribu kukibana mfukoni mwa shati, kikakosa, akajaribu tena, mwishowe akakishika tu. Alipofika mlangoni ilibidi ampite Pius, na Pius akajibana ukutani kumpisha.

"Kesho njoo kazini," Obedi akauambia ukuta.

"Nashukuru, mzee."

"Usinishukuru mimi."

Njiani kurudi darasani, kwenye kona ya choo cha wavulana, Mwalimu Mihayo akasimama. "Odeta," akasema, "ile ya mwisho ulijuaje?"

"Sikujua, mwalimu. Nilisukuma tu."

Mwalimu akatikisa kichwa. Kipindi kilichofuata aliwapa insha ya harusi, kwa amri ya Madamu. Lukman akachungulia karatasi ya Odeta. "Ukiniweka humo," akanong'ona, "niweke nimeshakula." Kisha akasogeza kiti chake pembeni kidogo, kwa utani, lakini akakiacha kulekule.

Pius akarudi stoo. Wiki hiyohiyo nguzo zikaanza kuchimbiwa kutoka getini kwenda kwenye miamba, na waya ukatolewa chini ya turubai, roli kwa roli, yeye ndiye anayetoa. Suzana akachukua kadi kama wenzake. Ya kwake na mumewe waliyaongea chumbani, mlango umefungwa, na Odeta hakuyasikia.

Jioni moja Pius akarudi, akavua viatu, akaja kukaa kwenye gogo ambapo Odeta alikuwa anapara magamba. Akabandua kitambulisho chake kifuani. Kwenye picha alikuwa amekodoa macho, kama wanavyokodoa wote. Akakiweka juu ya goti la binti yake.

"Sukuma," akasema.

"Baba."

"Nataka kujua mimi naishia wapi. Usinifiche. Mimi nilimficha mama yako, umeona."

Odeta akafuta mikono kwenye kanga. Akakiinua kile kitambulisho mbele ya uso wake, akakaa nacho muda mrefu, mpaka karai la mama yake likaacha kuchachatika na jikoni kukawa kimya, kama kunasikiliza. Kisha akakiteremsha.

"Inaisha vizuri, baba," akasema.

Alisema kwa sauti kubwa, iliyonyooka, ya kusikika mpaka kwa jirani, siyo ile ya matangazo yake. Pius, ambaye miaka yote alimlea kwa kuinama ili amsikie, akamtazama. Akakichukua kitambulisho chake polepole, akakitia mfukoni, na hakumuuliza tena.